Mstari wa Maji Yaliyokauka

Tulimzika dada yangu Kwandu mwezi uliopita, nyumbani kwa wakwe zake Dutwa, na siku ya kuanua matanga, watu walipokuwa wakikunja maturubai na kurudisha sufuria za kuazima, mumewe aliniita nikakae naye kwenye benchi lililoegemea ukuta wa jiko. Shemeji Masunga amezeeka. Mikono inamtetemeka na sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo huzungumza kwa sauti kubwa hata anapotaka kusema la siri. Safari hii alizungumza chini. "Minza," akaniambia, "sasa tumebaki wawili tunaoujua mwaka ule." Wanawe walikuwa wakipita mbele yetu na viti vya plastiki mikononi, watu wazima wenye watoto wao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa mwaka huo. Wanajua kwamba walikuwa na dada yao mkubwa aliyefariki akiwa mdogo. Jina lake wanalijua. Zaidi ya hapo hawakuwahi kuambiwa, na mama yao ameondoka bila kuwaambia. Nimerudi kwangu Nyalikungu nikajikuta nazunguka nyumbani nikishika hiki na kuacha kile, hadi nilipokaa chini na kuanza kuandika.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi. Kabla ya hapo pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Mkulima alipeleka mzigo wake kwenye ghala, akapimiwa, akasubiri. Sasa zikaja gari za watu tusiowajua, wenye mizani yao na magunia yao, wakaweka vituo kando ya barabara, na kila jioni mazungumzo ya mji mzima yakawa bei. Madukani nako kulibadilika. Vitu tulivyokuwa tukisimuliwa na waliofika Mwanza vilijipanga kwenye rafu zetu: sabuni za rangi ya waridi, siki ya chupa, mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke anayecheka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja kukaa kwa dada wakati nikisubiri matokeo. Shemeji alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipoanza kuyumba, mwaka mmoja kabla ya hapo, alikuwa katika kundi la kwanza kupunguzwa kazini. Alichobaki nacho ni nyumba, ambayo zamani ilijengwa kwa ajili ya meneja aliyetoka nje ya nchi. Ilikuwa na veranda ya sementi, madirisha ya nyavu, na bafu lenye sinki kubwa la kuogea, lile la mtu kujilaza, la chuma kilichopakwa enameli nyeupe. Sikujua nyumba nyingine Bariadi yenye kitu kama hicho.

Hakuna aliyekuwa akijilaza humo. Bomba lilitoa maji kwa siku za kubahatisha, kwa hiyo sinki lilifanywa tangi: maji yakija linajazwa, kisha yanachotwa taratibu hadi yatakapokuja tena. Na humo ndimo alimofia Sayi, binti yao wa kwanza, mwaka mmoja kabla sijafika, akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Msibani nilikuwepo, nimeomba ruhusa shuleni. Kwa hiyo nilipoingia nyumba ile na begi langu nilijua kilichotokea. Nisichokijua ni jinsi kilivyokuwa kinaishi nao. Kwanza kilikuwa kimechukua jina la dada. Tangu mtoto azaliwe kila mtu alimwita Mama Sayi. Baada ya msiba majirani waliona vibaya kulitamka, wakarudi kumwita Kwandu kama msichana asiyeolewa, au mayu tu, yaani mama kwa Kisukuma. Mumewe hakumwita chochote. Akitaka chakula aliuliza, "Chakula kipo?" huku akiuangalia mlango wa jiko. Halafu kulikuwa na mlango wa bafu, uliofungwa kwa kufuli. Sote tulioga nje, kwa ndoo, kwenye kibanda cha mabati. Yeyote aliyepita kwenye korido alipita ameusogelea ukuta wa upande wa pili, hata mgeni ambaye hakuambiwa kitu, kwa kuwa alituona sisi tunavyopita.

Wazo la nyumba ya wageni nililisikia nikiwa naanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, uani. Shemeji alikuwa verandani na rafiki yake aliyefanya naye kazi ushirika, naye rafiki alikuwa akimweleza kuwa wanunuzi wa pamba wanalala kwenye gari kwa kukosa mahali. "Una vyumba, Masunga. Una bafu la kizungu. Watu wa Dar es Salaam siku hizi wanauliza bafu kabla hawajauliza kitanda." Shemeji akasema, "Bafu limeharibika." Rafiki akauliza limeharibika nini, naye akajibu, "Chumvi. Maji yetu yamelila." Nilishika michembe mikononi nikasahau kuitandaza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja bafu lile.

Jioni hiyo tulikula michembe kwa maziwa ya mgando, watatu tukiwa tumezunguka meza ndogo, kibatari katikati. Shemeji alisema bila kuinua uso, "Minza amesoma kemia. Angeweza kuondoa ule ukoko." Dada aliendelea kutafuna. Alipomaliza alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na ufunguo, akauweka kando ya bakuli langu. "Fanya anavyotaka," akaniambia. Akakusanya vyombo vyake peke yake, akaenda kuviosha nje, na tulisikia anavyoviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Nilifungua asubuhi. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya vumbi na chokaa, kama darasa lililofungwa likizo nzima. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kanga, nikaitoa, na mwanga ulipoingia nikaona kwamba siku ile walipomtoa mtoto hakuna aliyerudi kuyamwaga yale maji. Walifunga mlango tu. Maji yakabaki humo, yakapungua yenyewe kwa jua la kwenye bati, siku baada ya siku, na kila yaliposhuka yaliacha mstari. Mistari ilizunguka sinki lote, myeupe na ya kahawia, mmoja chini ya mwingine, hadi kwenye sakafu ya sinki ambako chumvi yote ya mwisho ilikuwa imeganda nene kama ukoko wa ugali. Mstari wa juu kabisa ulikuwa mnene kuliko yote, upana wa kidole. Hapo ndipo maji yalipofikia siku hiyo. Nimepima maji ya visima karibu maisha yangu yote ya kazi, nimeona birika zilizojaa mawe na mabomba yaliyozibika, lakini hadi leo nikiona mstari mweupe kwenye chombo chochote huwa naangalia kwanza umefika urefu gani. Na kwenye sakafu ya sinki, kimezama nusu ndani ya ukoko, kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki chekundu. Nilijaribu kukivuta. Hakikutikisika.

Shemeji alikuwa na haraka. Siku hiyohiyo alileta asidi ya betri kutoka gereji, kwenye chupa ya kioo, akaniambia hiyo inakula hata chuma. Nilimweleza kwamba ninaiogopa, akasema nimimine kidogo. Nilifunga kitambaa puani, nikamimina kwenye kona, mbali na kikombe. Ukoko ulichemka kwa kelele, povu likapanda, nikadhani kazi imekwisha. Kisha povu likafa ghafla. Nilipomwaga maji na kugusa kwa kijiti niliona pale juu pamekuwa na ngozi mpya, nyeupe na ngumu. Nikakumbuka somo. Ukoko wetu ni chokaa, kaboneti ya kalsiamu, na asidi ya betri ikikutana nayo inatengeneza salfeti, jasi, kitu kilekile wanachofungia mguu uliovunjika. Jasi haiyeyuki kwa urahisi. Inalifunika jiwe na kulilinda. Nilimweleza shemeji hivyo, naye akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, akiangalia kila mahali isipokuwa chini. "Kwa hiyo tumelifunga zaidi," akasema. Tone moja liliniunguza mkono, kovu ninalo.

Kilichofaa kilikuwa kitu kipole. Nilinunua siki ya chupa, nikakamua ndimu, nikapasha moto mchanganyiko ule kidogo tu, nikachovya vitambaa vya kanga kuukuu na kuvilaza juu ya ukoko kama mtu anayemkanda mgonjwa. Siki na ndimu hazina nguvu ya asidi ya betri, ila zinachotengeneza na chokaa kinayeyuka na kuondoka na maji, kwa hiyo jiwe halipati pa kujificha. Masharti yake ni subira. Nilivilaza asubuhi, nikavitoa alasiri, nikakwangua kwa kipande cha mti nisije nikakwaruza enameli, nikaanza upya. Jioni nilikula na vidole vinavyonuka siki, na mboga zote zilikuwa na ladha ya siki. Nilianzia chini, kwa sababu nilitaka kukitoa kile kikombe kabla ya dada kukiona, na mstari wa juu nikauacha kwa makusudi uwe wa mwisho.

Kilichomleta dada ni sauti. Chokaa inapoyeyuka kwenye siki hutoa gesi, na gesi ile ikipenya chini ya kitambaa kilicholowa hufanya mlio mdogo usiokatika, kama pumzi ya mtu aliyelala. Katika nyumba yenye kelele usingeusikia. Yetu haikuwa na kelele. Nilikuwa nimechuchumaa nikibadilisha vitambaa nilipomwona amesimama kwenye kizingiti na upawa mkononi, mboga imeachwa jikoni. "Ni nini hicho?" akauliza. Nikamwambia ni chokaa inayeyuka. "Inatoa nini?" Nikasema gesi, ileile tunayoitoa tukipumua. Nilijuta neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Lakini hakukimbia. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa sinki, akainamisha kichwa karibu na kitambaa na kusikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza kifua cha mwanawe alipokuwa na kikohozi.

Halafu akaniambia. Asubuhi ile alikuja kuchota maji ya uji. Mumewe alikuwa ametoka kunyoa ndevu na ameshaondoka kwenda kazini. Alijaza ndoo mbili, moja kila mkono, akatoka. Mlango ulibaki wazi kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuuvuta. Alisema moyoni atarudi kuufunga. Alipofika jikoni akamkuta jirani amekuja kumsabahi, wakasalimiana zile salamu zetu ndefu, wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, na alikuwa akijibu, "Watoto wazima," wakati huohuo Sayi yumo majini. "Nilisema wazima, Minza. Nilisema kwa mdomo wangu." Aliugusa mstari wa juu kwa kidole. "Baba yake hajaniuliza nani aliacha mlango. Mwaka mzima nasubiri aniulize. Akinyamaza najua anajua." Kisha akaangalia sakafu ya sinki, akakiona kikombe. Alirudi jikoni, na mboga ilikuwa imeungua.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya shemeji, ingawa hakujua kuwa mkewe alishatangulia. Dada alikwenda sokoni na mimi nilikuwa nikifanya kazi pembeni mwa kikombe. Safari hii shemeji alivuka kizingiti. Aliinama, akakigusa, akakaa chini sakafuni na suruali yake ya kutokea, mgongo ukutani. "Hicho nilimpa mimi," akasema. "Alikuwa analia ananitaka nimbebe, na mimi nachelewa. Siku hiyo walikuwa wanatusomea majina ya wanaopunguzwa. Nikamchotea maji, nikampa, nikamwonyesha anavyoweza kumwaga na kuchota. Akanyamaza. Nikamwambia ukimaliza utachota tena." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemfundisha njia ya kuja hapa. Mama yake anajua. Hicho kikombe kilikuwa juu ya kabati, yeye hafiki bila kukanyaga stuli, nani mwingine angekishusha? Anajua, ndiyo maana hanitazami." Nilitaka kumwambia jana yake kulikuwa na mtu amekaa hapohapo akisema maneno yaleyale. Lakini nilikuwa binti wa kidato cha nne kwenye nyumba ya watu, na jambo lile lilikuwa lao wawili. Kila mmoja alinipa lake mimi kwa sababu hakuweza kumpa mwenzake. Niliendelea kukwangua. Alipoondoka nilibaki nimekaa na kijiti mkononi nikiogopa chumba kile kuliko siku ya kwanza, maana sasa nilijua kwamba wanaoishi ndani yake ni hawa wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wala hawakutani.

Kikombe kilibanduka siku hiyohiyo, kwa mlio mdogo, na kikaacha duara safi la enameli chini yake. Nilikiosha. Wakati wa chakula cha mchana tulikuwa tumekaa mezani, ugali na nsansa, majani makavu ya kunde aliyoyaunga dada kwa karanga, na nilikuwa nimekiweka kwenye mapaja chini ya kanga. Mwishowe nikakitoa na kukishika juu ya meza. "Kimebanduka," nikasema. "Sijui nimpe nani."

Mikono miwili ilinyooka kwa pamoja. Ikasimama hewani, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na kikombe kati yao. Dada alisema, "Nipe mimi. Mlango niliuacha mimi." Shemeji akasema, "Hapana. Kikombe nilimpa mimi." Wakatazamana. Nadhani walikuwa hawajatazamana hivyo tangu makaburini. "Ulimpa?" dada akauliza. "Nilimpa nikamwonyesha kuchota." "Mimi nilitoka na ndoo mbili sikuufunga." "Ningempeleka kwako kwanza." "Ningeufunga kwa mguu." Waliendelea hivyo, sauti hazipandi, kila mmoja akivuta lawama upande wake kama watu wanaogombea mzigo ambao mmoja hataki mwenzake aubebe, na ugali ukapoa. Mimi nilikuwa nimeangalia bakuli la nsansa. Kisha shemeji akasema, "Mama Sayi," akarudia, taratibu, kama mtu anayejaribu kama ufunguo bado unaingia, "Mama Sayi. Ulikuwa peke yako mwaka mzima na hilo?" Dada alilia hapo, kilio cha chini kisichokuwa na maneno, na shemeji alihama kiti chake akaenda kukaa upande wake. Baadaye dada alikichukua kikombe, akakichovya kwenye mtungi, akanywa, akampa mumewe, naye akanywa. Mimi nikatoka nje kuangalia michembe iliyokuwa imeshakauka siku nyingi.

Mstari wa juu tuliuondoa watatu. Shemeji alikamua ndimu, dada alishikilia vitambaa visiteleze, mimi nilikwangua. Ulipotoka wote enameli pale ilikuwa imefifia kidogo, imepoteza mng'ao, na ukiinama kwenye mwanga wa dirisha ungeona mahali ulipokuwa. Nilisema naweza kujaribu tena. Dada akasema yatosha. Nisingependa msomaji afikiri kwamba baada ya hapo nyumba ile ilipona. Walianza kuzungumza, hilo ni kweli, niliwasikia asubuhi wakizungumza chumbani kwa sauti za kawaida. Lakini hakuna aliyeacha lake. Nilichokiona kwa miaka iliyofuata ni kwamba kila mmoja aliendelea kubeba, ila sasa alijua mwenzake amebeba nini. Shemeji alinunua pipa la mfuniko kwa ajili ya maji, akaliweka nje. Sinki halikujazwa tena ila kwa mtu anayeoga.

Mgeni wa kwanza alikuwa mnunuzi wa pamba kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mwenye mikono laini, aliyefika akiwa amefunikwa na vumbi la Dutwa hadi kwenye nyusi. Alisalimia, "Mwadila," kwa Kisukuma cha lafudhi ya kuchekesha, akauliza bafu liko wapi. Shemeji mwenyewe alimchotea maji kutoka kwenye pipa, ndoo baada ya ndoo, na moja ya moto juu yake. Sisi tukakaa uani kula, kuku aliyepikwa kwa heshima ya mgeni, na mapaja tumemwekea yeye. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Ukuta wa bafu ulikuwa nyuma yetu, na tulisikia mtu yule akiingia, maji yakipanda na kugonga ukingo, akiguna kwa raha, akijipiga maji kifuani. Shemeji aliweka mfupa chini. Dada alikuwa ameshika tonge, hakulipeleka mdomoni. Kisha ndani kukawa kimya. Pengine alikuwa amejilaza tu, kichwa kimeegemea ukingo, amefumba macho baada ya safari ndefu, kama mtu yeyote angefanya. Kimya kikaendelea.

Dada aliinuka. Hakunawa mkono. Alipita korido katikati, bila kuusogelea ukuta, na tulimsikia akigonga mlango wa bafu kwa vifundo vya vidole. "Hodi," akasema. "Uko salama humo ndani?" Maji yakatikisika. Sauti ya mgeni ikatoka, ya mshangao kidogo, "Niko salama, mama." Hakuondoka hapo hapo. Alisubiri hadi aliposikia maji yakigonga ukingo tena, ndipo akarudi, akakaa, akala. Na nyumba ile ilipokea wageni kwa miaka mingi, wanunuzi, walimu, maofisa wa mikoani, maharusi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuoga mle bila kugongewa mlango.